Jina Linaloitwa Mara Moja

Tunduma, Januari

Refa,

Jumapili ya kwanza ya mwaka imepita, na kama kawaida naleta taarifa. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika kabla ya saa nane. Uwanja wa shule ulikuwa na tope kwenye goli la upande wa barabarani, pale pale ulipokuwa ukisema pajazwe kifusi. Hawajajaza. Watu walikuja wengi kuliko mwaka jana, kwa sababu malori yalikuwa yamesimama mpaka kijiji cha Mpemba na madereva waliokwama walikosa pa kwenda.

Mechi tulifungwa. Goli lenyewe lina utata, na najua ungetaka nianze na hilo. Subiri. Kwanza nikueleze habari ya kusoma majina, maana hilo ndilo lililonikosesha raha tangu uondoke, na ndilo lililonikalisha leo kuandika kitu ambacho hakina mhariri na hakitachapwa popote.

Sijawahi kumwandikia mtu aliyekufa. Kuwaandika nimewaandika wengi, ndiyo kazi ya mwandishi wa mpakani: lori limeacha njia, basi limegonga, shimo la dhahabu limefukia watu kule Galula. Umri, kijiji, ameacha mke na watoto. Hizo naziandika mkono ukiwa umetulia. Hii nimeianza, nikaiacha, nikaianza tena. Tuendelee.

Tulikuzika kwenu Songea, kwenye udongo mwekundu, jirani na mama yako. Mwili ulitoka hospitali Mbeya ukaenda moja kwa moja, haukurudi Tunduma. Wadogo zako ndio walioamua, na siwalaumu. Tunduma iko nyuma na Songea iko mbele, nani atarudi nyuma na jeneza? Katekista alisema ulikuwa mtu wa forodha, mcha Mungu, uliyewasomesha wadogo zako wote. Yote hayo ni kweli, niliyahakiki. Lakini hakuna aliyetaja filimbi. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona kwamba katika umati ule wote ni mimi na mkeo tu tuliotoka uwanjani. Mlikuwa mkizika mtu wa makaratasi, nilitaka kuwaambia. Lakini si mahali pangu.

Mtani wako Ba Chanda hakufika. Sitaki ufikiri alikusahau. Alikuwa na kibali cha mpakani tu, kile kinachomtoa Nakonde, upande wa Zambia, asubuhi kumfikisha sokoni kwetu na kumrudisha jioni. Alikwenda akaomba cha kumfikisha Songea. Wakamuuliza, marehemu ni nani wako? Akajibu kwa uso mkavu, “Ni mtumwa wangu.” Wakamwambia akae pembeni, na pembeni alikaa mpaka wakafunga ofisi. Alinisimulia mwenyewe nilipotoka kuzika. Hakucheka. “Wewe mwandishi,” aliniambia, “umekwenda kuzika Mngoni bila Mbemba. Huo msiba umeuacha wazi kama choo cha stendi.”

Nilikumbuka ulivyonieleza utani wenu, mwaka wa kwanza nilipohamishiwa hapa nikakuta mzee wa Kizambia anakufuata kati ya malori akikuita mla panya, na wewe unamwita mla kima, nikadhani kuna habari ya kuandika. Ulinishika mkono ukaniambia niweke kalamu. Babu zenu walipigana mpaka wakachoka, ulisema, wakapatana, na tangu hapo mjukuu wa huyu anamtukana mjukuu wa yule na hakuna kesi. Halafu ukaongeza jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani: kwamba msiba wa Mngoni haujaisha mpaka Mbemba aje aucheke.

Basi. Mkeo alirudi Tunduma baada ya arobaini. Duka la vitenge amelifungua. Binti yenu Sixta amerudi chuoni. Jioni ya kwanza nilipokwenda kuwaona, Mama Sixta aliniwekea chai, akakaa, akaniuliza bila kuzunguka:

“Shemeji, mwezi wa kwanza utamsoma?”

Nilikunywa chai. Ilikuwa ya moto mno lakini niliinywa.

“Songea wamezika karani,” akasema. “Hapa ndipo mume wangu alikuwa mtu. Mimi nataka nilisikie jina lake uwanjani, watu wajibu, nijue tumemaliza. Sitaki kitu kingine. Mchango sitaki.”

Nikamwambia nitafikiri. Ulikuwa unajua ninaposema hivyo nina maana gani. Na yeye anajua.

Kwa sababu sheria ni yako, Refa. Mimi sikuitunga.

Nitaandika ilivyoanza, kwani mtu wa magazeti anataka kumbukumbu iwe sawa. Mwaka tisini na tatu, ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilipopotea baharini kule Gabon, tulikuwa tumepanga mechi na wazee wa Nakonde Jumapili iliyofuata. Tulidhani haipo tena. Walikuja. Hawakuvaa jezi, walivuka geti wamevaa makoti kama watu wa kanisani, wakasimama kwenye duara la katikati. Hakuna aliyejua la kufanya. Wewe ulikuwa refa wa siku hiyo. Ulikwenda kanisani kuazima kipaza sauti cha mkononi, ukaomba gazeti kwa dereva wa Lusaka, ukasimama ukasoma majina ya wachezaji wale, moja baada ya jingine. Baada ya jina la kwanza palikuwa kimya. Ndipo Ba Chanda akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemjibu mtu, “Amecheza.” Jina la pili, wakaitikia watu wachache. La mwisho liliitikiwa na uwanja mzima.

Mzee mmoja wa kwao akaomba uwasome tena. Ukakataa. Ulisema redio imewaita tangu katikati ya wiki, asubuhi, mchana, jioni, mpaka majina yao yamekuwa kama bei ya mahindi. “Sisi tuwaite mara moja, halafu tuwaache walale.” Hiyo ikawa sheria ya kwanza: jina likishaitwa uwanjani halirudiwi. Ndiyo maana hata katika barua hii, ambayo haisomwi na mtu, sitawataja niliowasoma. Nitakueleza habari zao tu.

Mwaka uliofuata Wanakonde waliuliza, safari hii tunasoma nani? Ulikuwa na jibu. Ulikuwa umesikia kwa dereva habari ya mwendesha baiskeli wa Ulaya aliyekufa mlimani, na ukatwambia huyo hapa hana mtu hata mmoja wa kumlilia, basi tumlilie sisi. Wengine walicheka. Mzungu wa baiskeli, Tunduma! Mwaka uliofuata walikuwa hawacheki. Mechi tukaihamishia mwezi wa kwanza, wakati watu wako likizo, na kila mwaka kabla ya mpira ukawa unasoma. Jina, mchezo, nchi, na jambo moja ambalo si medali wala kombe. “Medali wameshaandikiwa na wengine,” ulisema.

Na ulivyowatafuta! Wakala wa forodha mwingine anapita kwenye foleni ya malori kuuliza mzigo, uzito, karatasi ya njiani. Wewe ulimaliza yote hayo, ukafunga faili lako la plastiki, ukaegemea mlango wa lori na kumuuliza dereva: “Na kwenu amekufa mchezaji gani?” Walikuzoea. Wa Durban walikuletea habari za raga, wa Lubumbashi za ngumi, Wasomali wa matangi walikuletea za mbio. Yule dereva Mhindi wa Harare alikueleza kriketi kwa gunzi la hindi na makopo matatu ya mafuta ya breki, na wewe ukaja kutueleza sisi uwanjani, na Mzee Salum wa vipuri akauliza, “Sasa Refa, huyu mtu alikuwa anacheza au alikuwa analinda makopo?” Ukamjibu kwamba ni vyote viwili, kama yeye na duka lake.

Halafu kuna yule golikipa. Sijui kama nikikumbusha utakasirika. Dereva mmoja alikuja na habari kwamba amefariki, wewe ukamsoma, uwanja ukaitikia “Amecheza” kwa uchungu kweli, maana Wanakonde walimpenda. Kumbe marehemu ana baa Kitwe. Habari zilimfikia. Akamtuma dereva mwingine aje akuambie: “Mwambie huyo refa kwamba mimi bado nakunywa.” Ba Chanda alikuita Refa wa Kuua Watu mwaka mzima. Na golikipa alipokufa kweli, miaka kadhaa baadaye, tulikuuliza utafanyaje. Ukasema jina limeshaitwa. Hukumrudia. Lakini mechi ile, kabla ya kupuliza filimbi ya kuanza, ulitembea mpaka kwenye goli la upande wa barabarani ukaugusa mwamba. Nadhani ni mimi tu niliyeona. Baada ya mkosi ule ukaweka sheria ya madereva wawili: habari ya kifo isisomwe mpaka iletwe na madereva wawili wa nchi mbili, ambao hawakusafiri pamoja. Nimefanya kazi na wahariri ambao hawakuwa na sheria nzuri kiasi hicho.

Na sheria ya tatu, ambayo ndiyo iliyonibana. Yule mfanyabiashara wa saruji alikuja na seti mbili za jezi mpya, moja yetu moja ya Nakonde, akaomba marehemu kaka yake asomwe. Kaka mtu alikuwa mchezaji mzuri wa wilaya, sote tulimwona akicheza. Wachezaji walishaanza kugombea namba za jezi. Ulimrudishia zote. Nakumbuka maneno yako kwa sababu niliyaandika kwenye kiganja: “Hapa hatusomi ndugu. Ndugu ana nyumbani kwake pa kusomewa. Hapa tunamsoma ambaye Tunduma hana mtu.”

Wewe Tunduma unao watu. Hilo ndilo tatizo.

Nilijaribu, Refa. Nilikaa nikalipima kama ninavyopima habari. Je, ulikuwa mwanamichezo wa kujulikana? Ulikimbia mbio za shule, ukashika nafasi ambayo hukuitaja hata ukiwa umelewa. Ulichezesha mpira mpakani hapa na hukuvuka kwenda kuchezesha kwingine. Je, huna mtu hapa? Unaye mke, binti, mimi, foleni nzima ya malori. Kila nilipogeuza, nilirudi pale pale. Nikikusoma, nimevunja sheria yako siku ya kwanza niliyoshika kipaza sauti chako, na mwakani atakuja mwenye saruji na jezi zake, nami nitamjibu nini? Nisipokusoma, mkeo atarudi nyumbani na msiba wake uko wazi.

Nilikwenda dukani kumwambia. Mchana, wateja wawili wako ndani, nikangoja watoke.

“Shemeji, siwezi,” nikasema. “Ni sheria yake mwenyewe.”

Alikuwa anakunja kitenge. Aliendelea kukikunja mpaka kikawa kidogo kama kitambaa cha mkono.

“Nyie waandishi,” akasema, “mwizi wa kuku mnamwandika mpaka jina la babu yake. Mume wangu ndiye hana nafasi?”

Akaniambia niende, ana kazi. Nilipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, “Na wewe usiniambie sheria yake. Mimi ndiye niliyelala naye. Alikuwa anakosea.”

Tangu hapo mpaka siku ya mechi hatukuongea.

Kazi ya kukusanya niliifanya mwenyewe. Nilipita kwenye foleni kama wewe, lakini sikuwa na faili wala mzigo wa kuuliza, kwa hiyo madereva wengine walidhani mimi ni askari kanzu wakanionyesha leseni. Mmoja wa Dar aliponisikia nauliza swali lako alizima injini. “Yuko wapi yule mzee wa wafu?” Nikamwambia. Akafungua mlango akashuka, kama vile habari ile haiwezi kupokelewa mtu akiwa amekaa juu. Niliwapa taarifa hiyo wengi. Kila mara nilidhani itakuwa nyepesi kuliko ya kwanza.

Niliowapata ni hawa. Bondia wa Amerika ya Kusini, ambaye baada ya kustaafu alirudi kufagia ukumbi ule ule alikojifunzia ngumi, na hakuwaambia vijana yeye ni nani. Mkimbiaji wa Ethiopia aliyeshinda masafa marefu kote duniani na hakuwahi kuweza kupanda baiskeli. Mcheza raga wa visiwa vya mbali, huko jua linakochomoza, aliyekuwa anaimba kwaya sauti ya kwanza, mtu mnene kama tangi. Mchezaji wetu wa netiboli wa Tabora, ambaye aliwahi kucheza nusu ya kwanza, akanyonyesha, akarudi nusu ya pili. Mcheza mpira wa meza wa Kichina aliyepofuka uzeeni, akawa anahesabu pointi za wajukuu kwa kusikiliza. Kulikuwa na mama mmoja wa Bulgaria, mrusha kisahani, aliyewafumia sweta wenzake wote wa timu; lakini habari zake alikuwa nazo dereva mmoja tu, kwenye kipande cha gazeti alichofungia mkate. Nilimtafuta wa pili mpaka Jumamosi. Sikumpata. Nimemwacha mpaka mwakani. Wafu hawana haraka, ulikuwa ukisema.

Siku yenyewe timu zilijipanga. Nakonde walikuja na kejeli zao za mwaka mpya: serikali yao imefuta sufuri tatu kwenye kwacha, kwa hiyo wao sasa ni maskini wenye hesabu fupi. Mama Sixta alikuwa amesimama nyuma ya mstari, karibu na kibendera cha kona, amevaa nyeusi. Filimbi yako ilikuwa mkononi mwake. Hakuniangalia.

Nilisoma. Sauti yako sina, lakini nilisoma wazi. Jina, mchezo, nchi, jambo moja. “Amecheza.” Waliitikia vizuri. Kwa yule wa netiboli akina mama wauza mahindi waliitikia peke yao kabla ya wanaume, kwa nguvu. Nikamaliza wa mwisho. Nikashusha kipaza sauti.

Hapo ndipo palipokuwa na kimya ambacho sijui nikuandikieje. Watu walikuwa wanangoja. Wote walikuwa wanangoja jina moja, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja nimefumba mdomo. Mtu mmoja nyuma akasema, “Na Refa je?” Mwingine akamwambia anyamaze. Nilitazama chini, nikaona viatu vyangu vimezama kwenye tope.

Mstari wa Nakonde ukaachia nafasi. Ba Chanda akatoka. Unajua anavyotembea siku hizi, goti moja halikunji. Alikuja akaninyang’anya kipaza sauti, hakuomba, akakigeuza, akakipuliza kama mtu anayepuliza chai.

“Mwebantu! Enyi watu!” akasema. “Mnanisikia? Mimi ni Mbemba. Nimekuja kudai maiti yangu.”

Wanakonde wakaanza kucheka kabla hajaendelea.

“Huyu mwandishi amekataa kusoma. Ana haki. Marehemu ni ndugu yake, na hapa ndugu hasomwi. Mama yule pale ni mkewe, naye ni ndugu. Ninyi wote Tunduma ni ndugu zake, mlikula naye panya. Mimi si ndugu! Mimi simlilii. Mtumwa wangu amekufa, wamemficha Songea, wakaninyima karatasi ya kwenda kumcheka. Sasa namcheka hapa hapa. Nani ananizuia? Wewe?”

Alikuwa ananinyooshea mimi kidole. Nikatikisa kichwa.

Basi akataja jina lako. Yote matatu, la ubatizo, la baba na la babu, kwa Kibemba chake kinachogeuza kila herufi. Akafuata utaratibu wako, Refa, hakuruka kitu.

“Mchezo: kupuliza filimbi na kubeba karatasi za watu. Nchi: ile ya katikati ya mageti mawili, pasipo na mwenyewe, ndiko alikoshinda maisha yake yote. Jambo moja,” akasema, na hapo akasimama. Alisimama kiasi cha watu kuacha kucheka. “Jambo moja ambalo si medali. Mwaka wetu ule mbaya, aliazima kipaza sauti kanisani, akatusomea watoto wetu. Hakuwajua. Hakuwa na mtu kwenye ile ndege.” Kisha akapaza sauti tena, “Na hakuwahi kuona kuotea hata siku moja, huyu panya! Kipofu! Miaka yote hii magoli yangu alikuwa anayakubali na mimi nimesimama nyuma ya golikipa!”

Uwanja ulicheka. Nilimwona Mama Sixta amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na kutoka nilipokuwa sikuweza kujua ni kicheko au ni kilio. Sitaandika nisichokijua. Kisha, bila mtu kuanza, wakaitikia.

“Amecheza.”

Niliitikia na mimi. Sauti yangu ilitoka vibaya. Naliandika kama lilivyotokea.

Mama Sixta akaja katikati, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akampa Ba Chanda filimbi yako. Ba Chanda akaipuliza, ndefu, ile ya mwisho wa mechi, ikakatika katikati kwa kukosa pumzi. Akamrudishia. Naye akaipitisha kwa refa mpya, kijana wa bodaboda anayechezesha sasa, akamwambia, “Puliza uanze. Tumemaliza.” Aliponipita alinigusa mkono. Ndiyo hivyo tu. Nadhani tunaongea tena.

Sasa goli. Kipindi cha pili, dakika za mwisho, mpira wa kona upande wa barabarani. Kipa wetu aliteleza. Ba Chanda alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote, nyuma ya kila mtu, mikono kiunoni, kama anayengoja basi. Kona ikatolewa nje ya boksi, ikarudishwa ndani kwa krosi, ikamgonga lile goti lisilokunja, ikaingia. Alikuwa ameotea, Refa. Ameotea kwa hatua za kutosha kupitisha lori. Kijana wa bodaboda akanyoosha mkono katikati, goli. Na wa kwanza kupiga kelele kiwanja kizima alikuwa mkeo, amevaa nyeusi, kwenye kibendera cha kona: “Ameotea huyo mla kima! Refa! Wewe refa, huoni?”

Halafu akanyamaza. Alikuwa ameita kama alivyozoea kuita. Sote tulisikia. Kijana yule alidhani anaitwa yeye.

Mambo mengine machache. Jengo jipya la mpaka linapanda. Wanasema nchi zote mbili zitakaa chini ya paa moja na dereva atagongewa mihuri yote bila kushuka mara mbili. Foleni ikiisha sijui nitawauliza wapi. Ofisi yako ameichukua kijana mwenye kompyuta mbili, ni mpole, ameacha kiti chako. Kile kibao cha nje ulichokalia mwaka jana Wazambia walipotwaa kombe, kule kule Gabon, watu wa Nakonde wakawa wanavuka geti wakiimba bila karatasi na askari wanawapungia mkono, wewe ukasema neno moja tu, “Wamefika,” ukaingia ndani kufunga faili, kibao hicho bado kipo. Huwa nakaa.

Nakuaga sasa. Ahadi yangu ni fupi kwa sababu nataka iwe ya kutimizika. Nitaendelea kusoma kwa sheria zako zote tatu, madereva wawili, hakuna ndugu, na jina mara moja. Mama wa Bulgaria nitamtafutia dereva wake wa pili. Jezi nitazikataa, za mwenye saruji na za mwingine yeyote.

Kuhusu wewe: mkeo alisema ulikuwa unakosea, na mimi nilisema sheria ni sheria, na Ba Chanda akapita katikati yetu kama anavyopita kati ya mabeki. Nimelifikiria tangu Jumapili kama lile lilihesabika. Mtani alikucheka, hakukusoma. Mtu anaweza kubisha hivyo. Mimi ningeweza kubisha hivyo.

Lakini nimeandika barua hii yote tangu juu, na sijakuita kwa jina hata mara moja. Sitakuita tena. Limeshaitwa.

Lala, Refa.

Rafiki yako,
Mwandishi